Uzoefu wangu na plasmidi 11 za rotavirusi hapa Mwanza

Seti hii ya plasmidi (vipande vya DNA vya mviringo vinavyobeba jeni) za rotavirusi, virusi vinavyoharisha watoto, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Osaka iliyochapishwa mwaka 2017, imebadilisha namna tunavyouliza maswali katika maabara yetu. Awali tulilinganisha virusi vilivyopatikana kwenye kinyesi cha watoto wanaoharisha, kisha tukakisia ni jeni ipi inayoleta tofauti. Sasa tunabadilisha jeni moja tu, tunaviunda virusi upya na kutazama kilichogeuka. Hiyo ndiyo jenetiki kinyume, nayo huifaa sana rotavirusi, kwa kuwa RNA yake, yaani molekuli inayobeba jeni zake, imegawanyika vipande 11 na kila kipande kina plasmidi yake.

Tuliziagiza kutoka Addgene, ghala la plasmidi la Marekani. Zilifika ndani ya bakteria walioota kwenye agari (rojo la kuoteshea vijidudu), hivyo hazikuhitaji barafu kavu, jambo ambalo yeyote aliyewahi kungoja mzigo wa maabara forodhani atalithamini. Mzigo wetu ulikaa huko kuliko tulivyotarajia, lakini bakteria walikuwa hai, na tuliposoma mfuatano wa plasmidi hizo tulikuta ni sahihi.

Gharama kubwa si plasmidi, bali seli, ambazo ni lazima ziwe zinatengeneza kimeng'enya cha T7, kinachonakili DNA ya plasmidi kuwa RNA, na zitunzwe kwenye nyuzi joto 37 bila kukatizwa. Umeme ukikatika usiku kucha, seli hizo hudhoofika na kazi huanza upya. Ndiyo maana ningemshauri mtu apate kwanza umeme wa akiba ulio imara, kisha ndipo aagize plasmidi. Aweke pia kwenye jeni alama, yaani badiliko dogo la DNA lisilobadilisha protini, kwa sababu bila alama hiyo hawezi kuthibitisha kwamba virusi alivyopata vimetoka kwenye plasmidi zake, wala si uchafuzi kutoka sampuli nyingine.

Upungufu wake mkubwa ni kwamba plasmidi hizi zinabeba jeni za SA11, aina iliyopatikana kwa tumbili Afrika Kusini mwaka 1958, ilhali tunaowahangaikia ni watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambao wamekuwa wakipewa chanjo ya rota tangu 2013. Kwa swali kuhusu kazi ya jeni fulani ndani ya seli, naipendekeza seti hii bila kusita. Kwa swali la kwa nini mtoto aliyechanjwa bado anaugua, haitoshi peke yake, na sampuli kutoka wodini zitaendelea kuhitajika.