Skopu ya Mkononi kwa Fundi Umeme wa Magari: Tuipime kwenye Alternata

Mafundi na madereva, karibuni. Leo nipo gereji, Mwanjelwa hapa Mbeya, na nilichoshika ni skopu ndogo ya mkononi, ile inayochora umeme kwenye kioo. Naipima kwa kazi moja tu: kujua alternata, ile mashine inayozungushwa na injini kwa mkanda ili kuchaji betri, inazunguka kasi gani bila kulegeza hata nati.

Tuanze na pikapu hii ya dizeli. Nyuma ya alternata kuna pini ya W; baadhi ya za Kijapani zimeandikwa P. Pini hii inachukua umeme kwenye koili, kabla haujanyooshwa na dayodi, vile vifaa vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Nimegusisha waya wa skopu pale, klipu nyeusi nimeibana kwenye chuma cha injini. Tazama mstari unavyoruka, sifuri hadi volti 14 hivi. Chini inasoma Hz 175, yaani mawimbi 175 kwa sekunde. Rota ya hii, yaani sehemu inayozunguka ndani, ina jozi 6 za sumaku, kila mzunguko unatoa mawimbi 6. Gawa 175 kwa 6, zidisha kwa 60: mizunguko 1,750 kwa dakika.

Injini ipo mizunguko 700 kwa dakika. Puli ya krenki, ile ya injini inayovuta mkanda, ina kipenyo cha milimita 150, ya alternata 60, yaani mara 2.5. 700 mara 2.5 ni 1,750: imekubali.

Sasa washa taa kubwa, feni, waipa. Injini ikibaki 700 halafu Hz ikashuka hadi 150, mkanda unateleza. Jamani, asubuhi za mvua kule Uyole watu wanauziwa betri mpya, wanauziwa hadi alternata, kumbe ugonjwa ni mkanda uliolika! Hilo linaniuma sana.

Gari lisilo na pini hiyo, pima kwenye chanya ya betri, skopu ukiiweka upande wa AC, ili ioneshe mawimbi madogo tu bila volti tulivu za betri. Hapo kila mzunguko unatoa vilima 36, yaani mawimbi madogo yanayobaki baada ya dayodi, kwa hiyo kasi ileile itasoma Hz 1,050. Acha taa zikiwaka, vilima vinakua. Mita ya kawaida hapa inarukaruka, maana betri inavilainisha na regyuleta, kidhibiti cha volti za alternata, nayo inachanganya ishara zake. Tena dayodi moja ikikatika, mita inaweza kuhesabu 175 ukadhani alternata imelala. Kwenye skopu unaliona pengo lenyewe, linajirudia.

Kasoro: juani kioo hakisomeki vizuri, na waya wake ni mfupi, unalazimika kuinamia feni. Funga mikono ya shati.

Fundi umeme, nunua. Dereva mwenye pini ya W, mita yenye Hz inakutosha. Na tafadhali, acheni kuchomoa teminali ya betri injini ikiwaka ili kupima chaji. Volti zinaruka ghafla na kuunguza kompyuta ya gari.

Kabla ya hesabu, hakikisha idadi ya jozi. Alternata nyingine zina 8, na ukigawa kwa 6 utasoma 2,333 wakati kasi halisi ni 1,750.