Kalamu nyekundu juu ya fisi wangu: uzoefu wangu na askari wa pori aliyesukwa upya

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na ninakiri mapema ili msomaji anipunguzie mwenyewe pale atakapoona nimezidisha. Wiki kadhaa zilizopita, katika ukumbi mmoja wa michezo ya mezani ulio ghorofani huku Sinza, Dar es Salaam, mwendesha mchezo, yaani msimulizi na mwamuzi wa meza, alichukua kijitabu cha sheria ambacho aliniuzia yeye mwenyewe, na ndicho ninachokitathmini hapa, akakifungua ukurasa wa nne mbele ya wachezaji wenzangu, akapiga mstari wa kalamu nyekundu juu ya sheria niliyokuwa nikiitegemea, kisha kwa ncha ya kalamu ileile akamsukuma fisi wangu wa kuchonga hadi ukingoni mwa meza, kama mtu anayeondoa punje ya wali iliyodondoka. Pambano lilikuwa katikati na zamu ilikuwa yangu.

Fisi huyo ni wa mpingo, hazidi urefu wa kidole gumba, na nilimchongesha Mwenge kwa fundi aliyenishangaa sana kwa kuacha twiga na tembo wote waliopangwa pale na kuagiza mnyama ambaye, kwa maneno yake, hupandwa na wachawi usiku. Nilimpa jina la Makombo.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, wa kuigiza wahusika katika hadithi, ambao ulianzia Marekani mwaka 1974, na sitauelezea kwa kirefu, kwa kuwa asiyeujua ataupata mahali pengi. Inatosha kusema kwamba kila mchezaji huchagua klasi, yaani kazi ya mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, mwizi au nyingineyo, na dadu yenye pande 20 ndiyo huamua kama jambo alilojaribu limefaulu. Klasi yangu ni ya mtu wa porini, mpiga upinde anayejua kufuata nyayo. Mwanzoni mezani kwetu tulimwita mgambo, lakini jina hilo halikumaliza hata jioni moja, kwa sababu kila lilipotajwa kuna mtu alijifanya kukunja turubai na kukimbia na bidhaa zake. Tukakubaliana tumwite askari wa pori.

Kilichonipeleka katika ukumbi ule ni hicho kijitabu. Kina kurasa 12, kimechapwa na kubanwa waya steshenari, kinauzwa shilingi 15,000 mbali na shilingi 5,000 za kila jioni ya kucheza, na juu ya jalada kimeandikwa kwamba askari wa pori amesukwa upya na kujaribiwa kwa uwiano, yaani asiwazidi wala asipungukiwe na klasi nyingine. Anayecheza klasi hii ataelewa kwa nini nililipa bila kuomba nipunguziwe. Katika sheria za mchezo za toleo la 2014, askari wa pori aliyechagua njia ya kufuga mnyama alikuwa kichekesho cha meza, kwa kuwa mnyama wake hakushambulia mpaka bwana wake atoe tendo lake mwenyewe la zamu hiyo ili kumwamuru, na hata ukifika ngazi ya tano, ambapo wenzako wa silaha wanapiga mara mbili, wewe ukimwamuru mnyama unabakiwa na pigo moja tu la kwako.

Mimi hushinda nikikagua nyaraka za mizigo inayotoka bandarini, kwa hiyo hesabu hainitishi. Mishale yangu miwili, ikipata yote, huleta wastani wa madhara 17, yaani pointi za uhai anazopoteza adui. Mshale mmoja pamoja na meno ya Makombo huleta 15. Yaani kumtuma mnyama ambaye ndiye sababu ya kuichagua klasi kulikuwa hasara, na akifa katika hasara hiyo, unakaa saa nane ukimzoesha mwingine. Watunzi wa mchezo wenyewe waliliona jambo hili: mwaka 2016 walitoa toleo la majaribio ambamo mnyama alipata nafasi yake katika mpangilio wa zamu, mwaka 2020 wakaleta kanuni ya hiari inayomruhusu bwana kumwamuru kwa tendo la ziada tu, lile dogo linaloruhusiwa mbali na tendo kuu la zamu, na kitabu cha mchezaji cha 2024 kikafuata njia hiyohiyo. Kijitabu cha Sinza kilikwenda mbali zaidi. Kilisema mnyama ashambulie kila zamu bila kumgharimu bwana wake chochote.

Haki ya mtu apewe: mambo mengine katika kijitabu kile ni mazuri kiasi kwamba nilikuwa nimeshaanza kuandika sifa zake kabla ya usiku ule. Kwa mfano, sheria za 2014 humpa askari wa pori aina moja ya ardhi aliyoizoea, na akiwa humo hawezi kupotea isipokuwa kwa nguvu za uchawi. Inasikika kama zawadi, lakini matokeo yake ni kwamba safari ya msituni, mahali ambapo mhusika wako alipaswa kung'ara, inamalizwa kwa sentensi moja: mmefika. Huyu ndugu aliifuta sheria hiyo na badala yake akaweka kwamba mara moja katika kila safari askari wa pori anaweza kupiga goti, kugusa ardhi na kuuliza maswali matatu, nani amepita, lini na akielekea wapi, na mwendesha mchezo lazima ajibu kweli. Jioni moja tulikuwa katika mikoko tukiwafuata wezi wa chumvi. Nikauliza nani amepita, akajibu kwamba wamepita watu sita lakini nyayo ni za watano. Meza nzima ilinyamaza. Mtu mmoja alikuwa amebebwa, na kwa jibu hilo tulijua kwamba binti tuliyemtafuta bado alikuwa nao. Sikuwa nimepiga hata mshale mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuicheza klasi hii nilijiona nina kazi ambayo mchawi hangeweza kunipokonya.

Basi mtu mwenye uwezo wa kubuni kitu cha namna hiyo ndiye aliyenifanyia kile alichonifanyia.

Usiku wenyewe tulikuwa tukipambana na zimwi chini ya daraja, zimwi la aina ile ambayo majeraha yake hujifunga yenyewe mpaka uyachome kwa moto au asidi. Feni ilikuwa ikizunguka kwa kusuasua, chipsi mayai zangu zilikuwa zimeshapoa, na tulikuwa tumeingia mzunguko wa tatu. Mchawi wetu akafanikiwa kulichoma. Zamu yangu ilipofika, nililiweka alama ya mwindaji, uchawi mdogo unaoongeza dadu ya pande sita kwa kila mshale unaopata, nikapiga mishale miwili na yote ikapata, kisha nikamsogeza Makombo na kushika dadu yake. Sikuirusha.

"Subiri," akasema. "Huyu mnyama amezidi."

"Kaka, ndivyo ulivyoandika mwenyewe. Ukurasa wa nne."

Hapo ndipo alipokivuta kijitabu changu kutoka chini ya mkono wangu. Sikumpa, alikivuta. Mstari alioupiga ulikuwa mzito hivi kwamba wino ulitokea upande wa pili wa karatasi, juu ya orodha ya mimea ya dawa ambayo haina kosa lolote.

"Niliandika mimi, na mimi ndiye ninayefuta. Kuanzia sasa mnyama anakula tendo lako, kama zamani."

Nilimwambia kwa sauti ambayo bado naiona ilikuwa ya heshima kwamba sheria hubadilishwa kabla ya mchezo au baada yake, si wakati mtu ameshika dadu. Akanijibu: "Dada, usinifundishe kazi. Kama unataka mchezo usiobadilika, wazee wa bao wapo pale chini."

Kijana wa chuo anayecheza mpiganaji alicheka, halafu alipoona sicheki akaanza kuzipanga dadu zake kwa ukubwa. Nikamchukua Makombo, nikamfunga kwenye kitambaa, nikalipa chipsi zangu na kushuka.

Na kweli wazee wa bao walikuwepo pale chini, chini ya taa ya duka la dawa. Nilisimama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kete 64, mashimo 32, na maneno makali kupita yote tuliyowahi kutoleana kule juu, lakini hata yule mzee aliyekuwa akifungwa mfululizo hakuthubutu kutangaza, kete zikiwa mkononi, kwamba nyumba ya mwenzake si nyumba tena. Laiti ningeandika tathmini hii usiku uleule, ningetoa nyota sifuri na kuomba kama kuna kitu chini ya sifuri.

Bahati mbaya niliifanya hesabu. Nilikaa mezani nyumbani nikiwa na nia ya kuthibitisha kwamba Makombo hakuzidi, na karatasi ikanigeukia. Mishale miwili ni 17. Alama ya mwindaji inaongeza 7 katika mishale hiyo miwili. Meno ya fisi ni 6.5. Jumla ni 30.5 kwa zamu moja, nikiwa nimesimama mbali ambako zimwi halinifikii. Kijana wa chuo, mwenye upanga mkubwa wa mikono miwili na nguvu zilezile za ngazi ya tano, akipata mapigo yake yote mawili ana wastani wa 22, na yeye ndiye anayekula makofi. Nikakumbuka kwamba kwenye daladala, jioni moja tulipokuwa tukirudi pamoja, aliwahi kuniambia kwa utani, "Dada, mimi nikifika kwenye zimwi, fisi wako ameshashiba." Nilicheka siku hiyo. Nilipoiona 30.5 imeandikwa kwa mkono wangu, nilitambua kwamba hakuwa akitania sana.

Kwa hiyo mwendesha mchezo alikuwa sahihi, na neno hilo limenichukua muda kuliandika. Uwiano wa klasi haupimwi dhidi ya zimwi, kwa sababu mazimwi mwendesha mchezo anaweza kuyaongeza apendavyo. Hupimwa kati ya mchezaji na mchezaji aliyekaa pembeni yake, na mimi nilikuwa nikimla mwenzangu jioni baada ya jioni bila kujua. Mbali na madhara, nilikuwa na miili miwili mezani, kwa hiyo zamu zangu zilikuwa ndefu karibu maradufu, na wengine walikuwa wakizisubiri.

Lakini kuwa sahihi katika hesabu ndiko kunakonikasirisha zaidi, maana hesabu hiyo ni ya dakika kumi, naye aliandika juu ya jalada kwamba kimejaribiwa. Ni wazi kwamba alimjaribu fisi peke yake na alama peke yake, hakuwahi kuviweka pamoja. Tena dawa aliyoitoa kwa kalamu nyekundu ilikuwa ileile iliyokuwa ugonjwa, kwani ilinirudisha kwenye fisi wa hasara wa 2014. Hata suluhisho la tendo la ziada lisingetosha, kwa sababu alama ikishawekwa hudumu, na kuanzia zamu ya pili tendo la ziada linakuwa huru kwa ajili ya mnyama, na unarudi palepale kwenye 30.5.

Nikapata njia nyingine. Alama ya mwindaji huhitaji umakini, yaani akili ibaki kwenye uchawi huo muda wote unaodumu, na mhusika huweza kushikilia uchawi mmoja tu wa namna hiyo kwa wakati mmoja. Basi kumwongoza mnyama vitani nako kuhitaji umakini huohuo, juu ya tendo la ziada. Ukichagua alama, unapata 24; ukichagua mnyama, unapata 23.5, mpiganaji ana 22 pamoja na uhai wake mwingi. Akili moja haiwezi kufuata mshale na fisi kwa pamoja, jambo ambalo hata nje ya mchezo linaaminika. Nikaipiga picha karatasi yangu na kumtumia kwa simu, pamoja na salamu za kawaida na pole kwa kuondoka bila kuaga. Tiki mbili zikawa za bluu kabla sijaweka simu chini. Jibu halikuja siku hiyo wala siku zilizofuata.

Nilikuwa nimefika hapa katika kuandika, hasira imepungua, na nikawa nimeweka nyota tatu: moja kwa maswali matatu ya nyayo, moja kwa kuthubutu kuisuka upya klasi ambayo watu wengi huiacha, na moja kwa sababu meza ile ina wachezaji wazuri na nimewakumbuka. Nilikuwa hata nimepanga kurudi Jumamosi.

Jana usiku limetumwa tangazo kwenye kundi la ukumbi. Kijitabu kimetoka toleo la pili, bei ni ileile, shilingi 15,000, na wenye toleo la kwanza nao watanunua kama wengine wote. Wameambatisha ukurasa wa nne ili kuvutia wanunuzi. Mnyama anahitaji tendo la ziada na umakini. Mfano uliotolewa chini ya sheria hiyo ni 24 dhidi ya 23.5, na mnyama wa kwenye mfano ni fisi.

Nimefuta nyota mbili. Ile ya nyayo nimeiacha.