Kuzunguka magofu ya Kilwa Kisiwani na mtembezaji wa Kilwa Masoko: nyota nne

Nafundisha hesabu sekondari hapa Lindi, na Kilwa Kisiwani nilikuwa naijua kwa picha tu. Jumamosi nikapanda basi la alfajiri, nikashuka Nangurukuru, saa tatu niko Masoko. Kibali cha kuingia magofuni nilikipata bila usumbufu. Boti ndiyo iliyonitesa: niliahidiwa saa nne, tukang'oa saa sita kasoro maji yakiwa yameshakupwa, nikateremka viatu mkononi, matope magotini. Nyota moja nimeikata hapo.

Mtembezaji mwenyewe ni hazina. Kwenye kivuli cha Msikiti Mkuu alitoa karatasi aliyochorea ukingo wa kigae, kipande cha bakuli la kale (chenyewe huruhusiwi kukichukua), akaniuliza, "Haya mwalimu, bakuli hili lilikuwa na upana gani?" Nikatoa rula. Ncha hadi ncha sentimita 8. Katikati tao limepanda 0.8, ndicho kimo chake. Nane mara nane ni 64, gawanya kwa mara nne ya kimo, yaani 3.2, unapata 20. Ongeza kile kimo: sentimita 20.8, ndio upana wa bakuli. Bakuli la mchuzi la mtu na mkewe! Miaka yote nafundisha duara kwa mfano wa gurudumu la baiskeli.

Alipoteleza ni kwenye kaboni, kile kipimo cha umri wa vitu vya kale. Alisema wataalamu hupima jiwe la ukuta wakajua limejengwa lini. Nikamweleza: jiwe la pale ni tumbawe. Litakwambia lilikua lini baharini, tena viumbe vya bahari hula kaboni kuukuu ya majini, wakaonekana wazee kwa miaka kama 400 zaidi. Afadhali punje za mkaa zilizonasa kwenye chokaa, maana chokaa huchomwa kwa kuni. Kaboni-14, ile inayopimwa, hupungua nusu kila miaka 5,730 kiumbe kikishakufa, hivyo mkaa wa miaka 700 bado unayo karibu asilimia 92. Kazi yote iko kwenye hizo 8 zilizopotea. Akacheka, "Kumbe nimeshawadanganya wengi," akaandika daftarini.

Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani, ni mwendo kidogo juani, ila msiiache: bwawa lake la pembe nane, la karne ya 14, kila kona nyuzi 135.

Mwambieni mapema kwamba mnataka hesabu, la sivyo mtapewa masultani mwanzo mwisho. Nitarudi na Kidato cha Tatu. Boti nitaitafuta mwenyewe.