Usafiri wa Ndani Walt Disney World: Chagua Kituo Kabla Hujachagua Chumba

Habari za saa hizi watazamaji, karibuni. Bidhaa tuliyoiweka mezani leo si simu wala jiko. Ni usafiri: usafiri wa bure wa ndani ya Walt Disney World, kule Florida, Marekani, jirani na mji wa Orlando. Hilo neno "bure" lishikeni kwa tahadhari. Nauli hulipi, ila utalipa kwa muda wako, na sehemu kubwa umeshailipia kwenye bei ya chumba.

Tuanze na ukubwa, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Eneo lile ni karibu kilomita za mraba 100. Ndani yake kuna bustani kubwa nne za michezo na burudani: Magic Kingdom iliyofunguliwa 1971, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Ongeza bustani mbili za maji, mtaa wa maduka na migahawa unaoitwa Disney Springs, na hoteli zaidi ya ishirini. Mtu akiangalia ramani ya watalii, yenye vikatuni na rangi rangi, anadhani kila kitu kiko mkono huu na huu. Siyo. Kuna barabara kuu za magari katikati, na safari nyingi utaunganisha.

Vyombo ni vinne: basi, magari ya nyaya yanayoitwa Skyliner, treni ya reli moja, yaani monoreli, na boti. Sasa shika hili, maana ndiyo roho ya uchambuzi wote: vyombo hivi havifiki kila mahali. Hoteli ikiwa na kituo cha Skyliner, haina monoreli. Ya monoreli haina Skyliner. Nyingine zina basi tu. Kwa hiyo siku unapolipia chumba, ndiyo siku unapochagua usafiri wako wa wiki nzima, hata kama hujui.

Basi ndilo uti wa mgongo. Linafika bustani zote nne, za maji pia, na Disney Springs. Magari ni ya kampuni yenyewe, yana kiyoyozi, na yana nafasi ya kusimama. Kila njia ina gari lake, kwa hiyo kituoni unakaa kwenye foleni ya bustani unayokwenda, siyo kurukia lolote linalokuja kama tunavyofanya kwa daladala. Kwa wastani gari huja kila dakika 20 hivi. Kwenye programu ya simu ya My Disney Experience, ukiingiza hoteli yako, unaona gari linalofuata litafika saa ngapi. Itazame ukiwa bado chumbani, maana ukiwa umeshafika kituoni haikusaidii kitu.

Hesabu ya asubuhi iende hivi. Wageni wa hoteli za Disney wanaruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya watu wengine, kila siku, bustani yoyote. Bustani ikifunguliwa saa tatu asubuhi, wewe mlango wako ni saa mbili na nusu. Rudi nyuma: kungoja gari mpaka dakika 20, barabarani dakika 15 hadi 20, ukaguzi wa mabegi getini na foleni ya tiketi dakika nyingine 15. Kituoni uwe saa moja na nusu. Ukitoka chumbani saa mbili, ile nusu saa ya upendeleo inaisha ukiwa bado kwenye foleni ya getini.

Na hoteli kubwa zilizotapakaa, kama Caribbean Beach, Coronado Springs, Old Key West na Saratoga Springs, zina vituo vingi ndani yake. Gari linazunguka vyote kabla ya kutoka. Ukikaa karibu na kituo cha mwisho, asubuhi utalikuta limejaa na utasimama. Wakati wa kuomba chumba, uliza kituo cha basi kiko wapi, usiulize mandhari ya dirishani peke yake.

Wenye watoto wadogo, hapa msogee karibu. Kwenye basi kigari cha mtoto hakipandi kikiwa wazi. Dereva anapofungua mlango, kigari kiwe kimeshakunjwa. Kinachowachelewesha watu ni ule mfuko ulioning'inia kwenye mpini: ukimtoa mtoto, uzito wote unabaki nyuma, kigari kinapinduka, chupa zinabingirika chini ya foleni nzima. Utaratibu ni huu: taa za basi zikionekana kwa mbali, toa mfuko kwanza uuvae mgongoni. Toa chupa kwenye kishikio. Kisha mtoto ashuke, mmoja wenu ambebe, mwingine akunje kigari na kukifunga. Hilo tu. Vipimo vinavyoruhusiwa ni upana usiozidi sentimita 79 na urefu usiozidi 132. Vile vitoroli vya kukokota kwa mkono haviruhusiwi kabisa, vinazuiwa getini. Mwenye kiti cha magurudumu anapandishwa kwanza kwa daraja la gari, na mabasi kwa kawaida yana nafasi mbili tu za viti hivyo. Zikijaa, mnangoja linalofuata.

Sasa Skyliner. Hiki ndicho chombo tunachokipa alama za juu, tisa kwa kumi, na ile moja tumeinyima kwa sababu ya radi. Kilianza kazi Septemba 2019. Ni vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, kila kimoja kinabeba watu kumi, na kuna karibu 300. Kinachofanya tukipende ni kwamba foleni haisimami. Vibanda vinakuja mfululizo, vinapunguza mwendo stesheni, mlango unafunguka, unaingia, unakaa. Foleni ukiiona ndefu mpaka nje usiogope, inatembea. Kigari cha mtoto kwa kawaida kinaingia bila kukunjwa. Mwenye kiti cha magurudumu, au anayeona kibanda kinachotembea kinamtia wasiwasi, amwambie mhudumu: kuna njia ya pembeni ambako kibanda kinasimama kabisa.

Njia zote zinakutana stesheni ya Caribbean Beach. Hapo ndipo kariakoo ya Skyliner, lazima ushuke uunganishe. Mstari mmoja unakwenda Hollywood Studios, mmoja unakwenda hoteli za Pop Century na Art of Animation, na wa tatu unapita hoteli ya Riviera mpaka EPCOT. Huo wa EPCOT ndio mrefu. Ukifika Riviera usishuke, kaa humo humo.

Halafu angalia unakoshushwa. Skyliner haikupeleki lango kuu la EPCOT. Inakuweka mlango wa nyuma, International Gateway, kati ya banda la Uingereza na la Ufaransa. Kama mpango wako wa asubuhi ni michezo ya mbele, una mwendo wa miguu wa kuvuka karibu bustani nzima. Kama mpango ni kula na kuzunguka mabanda ya nchi, basi umeshushwa mlangoni kabisa.

Tatizo lake ni hewa. Vibanda havina kiyoyozi, vina matundu ya upepo tu. Kikitembea, raha. Kikisimama kwenye jua kali la Julai, ni oveni. Na kinasimama mara kwa mara kwa muda mfupi, mara nyingi kwa sababu mtu fulani anapandishwa taratibu stesheni. Kusimama kwa dakika moja au mbili si ajali. Ila radi ikikaribia, wanafunga mfumo wote, na majira ya joto Florida inapiga radi karibu kila alasiri. Ikifungwa, mabasi ya akiba yanaletwa, lakini mnahamia watu wote kwa pamoja. Ukiona wingu jeusi saa tisa alasiri na unataka kurudi hotelini, ondoka sasa hivi, usisubiri tone la kwanza.

Kwa bei na usafiri vikiwekwa mizani moja, Pop Century ndiyo ununuzi bora wa eneo lote. Ni hoteli ya daraja la bei nafuu, na ina Skyliner. Ukikaa hapo, Magic Kingdom na Animal Kingdom utakwenda kwa basi.

Monoreli ina sifa kubwa kuliko kazi yake. Imekuwepo tangu 1971, na picha zake ziko kila kadi ya posta. Ina mistari mitatu. Wa kwanza unatoka kituo kikuu cha kubadilishia, Transportation and Ticket Center, unakwenda moja kwa moja Magic Kingdom. Wa pili unazunguka hoteli. Wa tatu unatoka kituo kikuu kwenda EPCOT. Ukitaka kutoka Magic Kingdom mpaka EPCOT, lazima ushuke kituo kikuu na kupanda nyingine.

Mstari wa hoteli unazunguka upande mmoja tu, na hapo ndipo siri yake ilipo. Mpangilio ni huu: kituo kikuu, Polynesian, Grand Floridian, Magic Kingdom, Contemporary, kisha kituo kikuu tena. Sasa fikiria umekaa Contemporary na unataka kwenda Magic Kingdom. Kwa monoreli utazunguka ziwa lote. Kwa miguu ni dakika kumi, tena njia nzuri ya lami. Usipande. Ukiwa Grand Floridian, kwenda ni kituo kimoja, kurudi ni vinne. Kwa hiyo nenda kwa treni, rudi kwa miguu. Ukiwa Polynesian na unakwenda EPCOT, tembea mpaka kituo kikuu, kiko jirani kabisa, upande mstari wa EPCOT moja kwa moja.

Usiku fataki za Magic Kingdom zikiisha, umati wote unamiminika kwenye treni ya moja kwa moja na kwenye pantoni. Wenye magari wako kituo kikuu, maana maegesho ya Magic Kingdom yako huko, ng'ambo ya ziwa, siyo getini. Angalia mstari wa hoteli: kutoka Magic Kingdom, kituo kikuu ni cha pili tu. Kuna usiku foleni yake ni robo ya ile nyingine. Mara nyingine wahudumu wanaubakiza kwa wageni wa hoteli, basi uliza kwanza. Ikishindikana, panda pantoni. Inabeba watu mpaka 600 kwa mkupuo. Anayeijua pantoni ya Kigamboni au feri ya Likoni hatashangaa: nyomi inatisha kwa macho, geti likifunguliwa inamezwa yote.

Boti ndogo ni jambo jingine. Zile za kati ya EPCOT na Hollywood Studios zinapita hoteli za BoardWalk, Yacht Club, Beach Club, Swan na Dolphin, na zinakwenda polepole, zinasimama kila gati. Njia ya miguu kati ya bustani hizo mbili ni nusu saa hivi, na mara nyingi utamkuta mwenye boti bado anafunga kamba. Panda ukiwa umechoka miguu, siyo ukiwa na haraka. Boti za kutoka Wilderness Lodge na Fort Wilderness kwenda Magic Kingdom ni bora zaidi, zinakushusha karibu na geti. Radi ikipiga, nazo zinafungwa.

Animal Kingdom haina monoreli, haina boti, haina Skyliner. Ni basi au gari lako. Na hapa Waswahili mtacheka kidogo, kwa sababu hoteli ya jirani, Animal Kingdom Lodge, ina majengo mawili: Jambo House na Kidani Village. Ndani ya bustani kuna kijiji kinaitwa Harambe, kilichobuniwa kwa kuitazama Lamu miongoni mwa miji mingine, na vibao vyake utavisoma bila mkalimani. Ila usiingie kingi: ingawa hoteli na bustani ni majirani, hakuna njia ya miguu kati yake. Lazima basi. Na kutoka hoteli ile kwenda Magic Kingdom ni mbali. Wanaolipa bei ile wanalipia twiga dirishani, usafiri ni wa basi kama wa hoteli ya bei nafuu.

Tukihama hoteli kwa hoteli, mfumo unachechemea. Tuseme umelala Pop Century na umeweka meza ya chakula cha jioni Animal Kingdom Lodge. Hakuna basi la moja kwa moja. Unakwenda bustani yoyote iliyo wazi, unashuka, unatafuta kituo cha basi la hoteli ile, unapanda tena. Tenga saa moja na nusu. Au lipa teksi. Minnie Van, yale magari mekundu yenye madoa meupe, yanaitwa kwa programu ya Lyft, yana viti vya watoto tayari, na bei yake ni ya juu kuliko Lyft ya kawaida. Teksi za kawaida za mtandaoni zinakushusha kituo kikuu, siyo getini Magic Kingdom. Wajanja huandika Contemporary kisha wakatembea zile dakika kumi, lakini mlinzi wa lango la hoteli anaweza kuuliza una nafasi ya chakula au chumba, na akakurudisha.

La mwisho ni Disney Springs, kwa sababu maegesho pale ni bure na kila wiki kuna mtu anadhani amegundua njia ya mkato: anaacha gari pale asubuhi apande basi la bure mpaka bustani. Basi hilo halipo. Kutoka Disney Springs mabasi yanakwenda hotelini tu, na wameyapanga hivyo kwa makusudi, kwa ajili yake yeye.