Seli shina au kidonge cha presha?

Mzee wa Wete aliyeanza kuuliza jambo lile lile mara tatu kabla kahawa haijapoa, akaambiwa ana dimenshia ya mishipa (kumbukumbu kupotea kwa kuharibika mishipa ya damu ya ubongo), wanawe husikia habari za kupandikizwa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli za aina nyingine, ng'ambo na kutaka kuuza shamba la mikarafuu. Nawaelewa kabisa.

Seli hizo huchukuliwa kwenye uboho au kitovu cha mtoto mchanga. Kwa panya waliozibwa mishipa ya damu iendayo kichwani zimepunguza uvimbe na kuchochea mishipa mipya ya damu. Hazigeuki ubongo mpya, kama matangazo yanavyodai. Kwa binadamu bado ni majaribio, na matibabu hayo hayajaidhinishwa kwa dimenshia ya mishipa.

Kidonge cha presha hakirudishi kilichopotea. Lakini presha ikipanda huharibu vijishipa vya ubongo, na utafiti wa SPRINT MIND wa Marekani, uliotolewa 2019, ulionesha kuwa kuishusha namba yake ya juu chini ya 120 kulipunguza hatari ya udhaifu mdogo wa kumbukumbu, ingawa kwa dimenshia yenyewe tofauti haikuthibitika.

Mimi nachagua kidonge, kila siku, na ng'onda ya chumvi ipunguzwe. Shamba msiliuze.