Hugo baada ya kuhamia Morogoro: uzoefu wangu wa kuendesha tovuti binafsi

Tovuti binafsi nyingi ninazozifahamu zimekufa kwa sababu moja: kuzigusa ni kazi. Unataka kubadili sentensi moja tu, lakini inabidi uingie, ukumbuke nenosiri, usubiri ukurasa ufunguke kwa mtandao wa simu, ukutane na masasisho yanayokudai, na muda wote huo bando linaliwa. Mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na maharage jikoni hawezi kufanya hivyo kila wiki. Kwa hiyo ninavyoisifia Hugo hapa, programu ninayotengenezea tovuti yangu, naisifia kwanza kwa hilo. Imenirahisishia kuigusa tovuti yangu kiasi kwamba nimeweza kuibadilisha kila maisha yalipobadilika.

Na yamebadilika kweli. Tovuti niliifungua nikiwa Dar es Salaam, wakati huo napamba kumbi za harusi. Ilikuwa na picha za mapambo, bei, na ukurasa wa "Kuhusu mimi" ulioandikwa na mtu anayetafuta wateja. Kisha nikaolewa, mume akahamishiwa Morogoro kikazi, biashara nikamwachia mdogo wangu, Mungu akatujalia mtoto. Tovuti ikabaki inatangaza kazi nisiyoifanya tena katika mji nisioishi, na watu waliendelea kupiga simu kuuliza bei ya kupamba ukumbi Sinza.

Huku mimi nilikuwa nimeshanogewa na ndege. Nyumba tuliyopanga iko chini ya milima ya Uluguru na uani kuna migomba. Ua la mgomba likifunguka, ndege wadogo waitwao chozi hawakosi. Ukikaa barazani asubuhi unanyonyesha, unawaona wanakuja mmoja mmoja, dume anametameta kijani, jike ana rangi ya udongo mkavu, wananing'inia kichwa chini wakifyonza mbochi. Nikaanza kuandika kwenye daftari. Nikanunua darubini ya mkononi. Nikaja kujua kwamba kule juu msituni kuna chozi wa Loveridge, ambaye hapatikani popote pengine duniani isipokuwa kwenye milima hii hii ninayoiona kila siku nikianika nguo. Mambo kama hayo nilitaka yakae kwenye tovuti yangu, yenye jina langu, na nisiyaache yapotee kwenye magrupu ya WhatsApp.

Awali nilikuwa nimepanga nafasi kwenye seva ya kampuni ambayo sitaitaja. Ankara ilikuwa inakuja kwa dola, na mfumo niliotumia ulikuwa wa hifadhidata, ule ambao msomaji akifungua ukurasa seva inaanza kuuunda papo hapo. Mifumo ya namna hiyo ina kazi zake na inaendesha tovuti kubwa kubwa. Kwa tovuti ya mtu mmoja anayeandika kuhusu mnana na sweta za mtoto, ni mzigo.

Hugo ni programu huria ya kutengeneza tovuti tuli. Ilianzishwa na Steve Francia mwaka 2013, imeandikwa kwa lugha ya Go, na inakuja kama faili moja tu la programu, kwa hiyo hata kompyuta yangu kuukuu haikuhangaika nayo. Wewe unaandika maneno yako kwenye mafaili ya kawaida kwa Markdown, mtindo mwepesi ambao John Gruber aliutoa mwaka 2004: alama ya # mwanzoni mwa mstari inafanya kichwa cha habari, nyota mbili kila upande wa neno zinalikoleza wino. Hugo inayachukua mafaili hayo, inayavalisha mwonekano uliouchagua, inatoa kurasa za HTML zilizokamilika. Seva haina cha kupika tena, inampakulia msomaji tu. Hifadhidata hakuna, na ukurasa wa msimamizi ambao mtu anaweza kuuvunja haupo.

Kurasa hizo nimeziweka GitHub Pages, huduma ya kuhifadhi tovuti tuli ya GitHub, mtandao ambako watu huweka mafaili ya programu zao, na huko ni bure. Wana mipaka yao: tovuti isizidi GB 1, na usomaji usizidi kama GB 100 kwa mwezi, kiwango ambacho tovuti ya mtu binafsi haikikaribii. Jina langu la .me.tz nililielekeza huko kwa kuingiza anwani nne zinazoanza na 185.199 kwenye mipangilio ya domeni, nikasubiri, na cheti cha HTTPS, kile kinacholinda mawasiliano ya tovuti na msomaji, kikaja chenyewe kutoka Let's Encrypt bila malipo. Fedha ninayotoa sasa ni ada ya mwaka ya jina, basi.

Jambo lililonishinda nguvu kwa uzuri ni kufanya kazi bila mtandao. Ukiandika amri ya hugo server, unafungua kivinjari kwenye localhost:1313 na kuiona tovuti yote kama ilivyo, hapo hapo kwenye kompyuta. Ukibadili neno na kuhifadhi, ukurasa unajibadilisha kabla hujanyanyua macho. Umeme ukikatika siachi kazi, mradi betri ina chaji. Bando linaanza kutumika pale tu ninaposukuma mabadiliko kwenda GitHub, na makala ya maneno matupu ni kilobaiti chache. Naandika mtoto akilala, naipandisha mtandaoni siku nikipata muda.

Nikiwa mbali na kompyuta, natumia simu. Nafungua hazina yangu ya GitHub, yaani folda yenye mafaili yote ya tovuti, kwenye kivinjari, naunda faili jipya, naandika, nahifadhi. Kuna mtiririko wa GitHub Actions, yaani hatua zinazojiendesha zenyewe, niliouweka ambao unaiendesha Hugo huko huko kwao na kuchapisha. Mara nyingi nikimaliza kuosha vyombo nakuta makala imeshatoka.

Sasa nije kwenye kitu ambacho naona wengi wanaoisifu Hugo wanakipita haraka, nacho ni namna inavyopanga mambo. Juu ya kila faili kuna sehemu ndogo ya maelezo: kichwa, tarehe, na makundi. Makundi haya unaweza kuyabuni mwenyewe. Mimi nimeweka makundi mawili, "ndege" na "mahali". Nikitoka Bwawa la Mindu naandika hivi:

title: "Mindu baada ya mvua"
ndege: ["mdiria", "korongo"]
mahali: ["Mindu"]

Hapo Hugo inatengeneza yenyewe ukurasa wa mdiria wenye kila makala niliyomtaja mdiria, na ukurasa wa Mindu wenye kila safari ya Mindu. Daftari langu la karatasi haliwezi kunionyesha kwa mkupuo kwamba hondohondo nimewaona zaidi upande wa mlimani na karibu hakuna upande wa Kihonda. Tovuti inanionyesha, na sikuandika msimbo wowote kwa ajili hiyo zaidi ya mistari michache kwenye faili la mipangilio. Orodha kamili za kuhesabu ndege bado naziingiza eBird, daftari la mtandaoni la ndege la Maabara ya Ndege ya Cornell, maana watafiti wanazitumia. Kwangu naweka simulizi na picha.

Kwa picha nako nimeridhika. Kamera inatoa picha ya megabaiti kadhaa. Kiolezo, faili linaloelekeza ukurasa upangwe vipi, kinaiambia Hugo iipunguze upana na kuigeuza WebP, aina nyepesi ya picha, na msomaji anapata kitu kinachofunguka hata kwa mtandao wa kubahatisha. Mara ya kwanza kazi hii inachukua muda kidogo kwa sababu inapitia picha zote. Baada ya hapo inakumbuka zilizokwisha kufanywa, na tovuti nzima inajengwa haraka mno.

Kiswahili je? Kinakubali vizuri. Mwonekano niliouchagua ulikuja na maneno ya Kiingereza kila mahali. Kwenye folda ya i18n, inayokaa tafsiri, nikaunda faili la sw.yaml na kuandika yangu: "Endelea kusoma", "Zilizotangulia", "Dakika za kusoma". Kwa tarehe nilibadilisha kiolezo kitumie mpangilio wa lugha, na miezi ikatoka Januari, Februari, Machi. Mama yangu mdogo, ambaye anasoma kila kitu ninachoweka, aliniambia kwamba sasa ndiyo anaona tovuti ni ya kwetu. Kama una mwonekano unaoupenda, tafadhali uandikie faili lake la Kiswahili na uwatumie waliouunda. Ni kazi ya jioni moja, na mwenzako atakayekuja baadaye atalikuta tayari.

Kuhusu kuhama kwa maisha yenyewe, kuna vitu viwili vimenisaidia sana. Cha kwanza ni ukurasa ninaouita "Sasa". Wazo ni la Derek Sivers, aliyelianzisha mwaka 2015: badala ya "Kuhusu mimi" peke yake, unaweka ukurasa unaoeleza unachoshughulika nacho kipindi hiki, na chini yake tarehe uliyoubadilisha mara ya mwisho. Wangu kwa sasa unasema niko Morogoro, nalea, nafuma sweta ya sindano mbili, najifunza kutofautisha chozi majike ambao wote wanafanana, na kazi za mapambo sipokei, zinafanywa na mdogo wangu. Simu za Sinza zimekatika. Ni faili moja, nalifungua, nafuta mstari uliopitwa na wakati, naandika mpya.

Cha pili ni aliases, yaani anwani za zamani zinazoelekeza kwenye ukurasa mpya. Kurasa za mapambo sikutaka kuzitupa, ni miaka ya jasho langu na kuna bibi harusi wanaopenda kurudi kutazama picha zao. Nilizihamishia sehemu ya "Kazi za zamani", na kwenye kila faili nikaandika anwani yake ya awali. Mtu akibofya kiungo cha zamani alichotumiwa miaka ile, anapelekwa penye ukurasa mpya bila kukutana na ule ujumbe wa kutopatikana.

Kabla hujahamia, kuna suala la faragha ambalo nalisisitiza kwa mzazi yeyote. Kwenye GitHub ya bure, hazina inayotumika kwa Pages lazima iwe wazi kwa umma. Maana yake rasimu uliyoiandikia draft: true haitokei kwenye tovuti, lakini mtu akienda kwenye hazina yako anaisoma. Ukifuta faili, historia ya Git, mfumo unaotunza kila badiliko la hazina, bado inalo. Na picha asilia za simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali zilipopigwa. Zile ambazo Hugo imezipunguza hazibebi taarifa hizo, ila zile asilia zilizo kwenye hazina bado zinazo. Kwa hiyo picha za mwanangu haziingii humo kabisa, rasimu za mambo ya nyumbani nazihifadhi kwenye folda nyingine, na kila picha ya ndege naisafisha taarifa za mahali kabla ya kuipakia. Kiota cha bundi hakitakiwi kuwa na ramani.

Udhaifu upo. Kuanza ni kugumu kwa mtu ambaye hajawahi kufungua dirisha jeusi la amri. Maelekezo rasmi ni ya Kiingereza na yamejaa istilahi, na lugha ya violezo inachosha kichwa. Hata leo sehemu nyingine nabadilisha kwa kunakili na kujaribu. Mwonekano wa zamani unaweza kugoma ukisakinisha toleo jipya la Hugo, kwa sababu programu hii inabadilika kwa kasi na watengenezaji wa mionekano wengi ni watu wa kujitolea wenye shughuli zao. Maoni ya wasomaji hayamo, lazima uunganishe huduma nyingine. Mimi nimeacha, nimeweka barua pepe, na nafurahia zaidi barua ninazopata. Duka la mtandaoni lenye malipo nisingelijenga kwa Hugo.

Nikiitoa alama, ni nne na nusu kati ya tano. Nusu naikata kwa ajili ya ugumu wa mwanzo, ambao unawafukuza watu wengi wenye mambo mazuri ya kuandika: mafundi cherehani, walimu, wakulima wa bustani, wacheza bao. Kama una kijana wa kukushika mkono siku ya kwanza, au mwenyewe una subira, jitose. Kama unahitaji kitu cha kubofya bofya tu na hutaki kabisa kuona amri, tafuta huduma nyingine, utateseka bure.

Kwa atakayeanza: chagua mwonekano mwepesi ambao bado unafanyiwa kazi, angalia tarehe ya mabadiliko yake ya mwisho. Andika namba ya toleo la Hugo kwenye mtiririko wa Actions ili lisibadilike bila wewe kujua, upande toleo jipya siku una nafasi ya kukagua. Na kwa wapenda ndege wenzangu, sasa nimeanza kuweka sauti. GitHub hukataa faili linalozidi MB 100, na ukipakia kwa kivinjari mwisho ni MB 25, ila rekodi fupi ya shorwe akiimba alfajiri haifiki hata MB moja. Nikishakusanya za kutosha, kila ndege kwenye tovuti atakuwa na sauti yake juu ya ukurasa wake.