Benzi, BMW au Audi kwa Mtu wa Kusini: Lipi la Kwanza, Lipi la Kuachwa Yadi

Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia, maongezi ya Mtwara na Lindi huwa yaleyale: IST iuzwe, iongezewe hela, linunuliwe Benzi. Hakuna ubaya. Sedani za Kijerumani zilizotumika Japani zina usukani upande wetu, nyingi zimetunzwa, na bei ya kununulia haitishi kama zamani. Kinachotisha ni umbali. Kutoka Mtwara mjini hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na spea ya uhakika pamoja na fundi mwenye mashine kamili ya kusoma gari, mara nyingi viko huko mwisho wa safari, si huku mwanzo wake.

Kwa hiyo hapa hatupangi magari kwa nguvu za farasi wala kwa uzuri wa taa. Tunapanga kwa swali moja: likigoma Somanga saa nane mchana, litatengenezeka au litapakiwa kwenye Fuso?

Namba moja: Mercedes C-Class W204 (2007–2014)

(W204, kama F30 au B8 huko chini, ni jina la kiwandani la toleo la gari.) Linakaa juu kwa sababu ya kawaida kabisa: mafundi wamelizoea, na spea zake Kariakoo na Ilala zipo mpya, zipo za kukatwa, zinapandishwa basi jioni na asubuhi unazo. Shokapu na springi zake ni za chuma, si za upepo. Tafuta C180 au C200 ya injini ya 1.8 (M271). Matoleo ya mwanzo ni Kompressor, yenye gia boksi ya spidi tano ambayo ni ngumu kuua; za kuanzia 2010 ni CGI yenye tabo, zina nguvu zaidi ila zina mengi zaidi ya kuharibika.

Ugonjwa mkuu wa M271 ni cheni ya taimingi. Inarefuka, kisha inakula meno ya gia za kemshafti (shafti inayofungua vali), hasa ile ya upande wa ekzosi. Ndiyo maana hili gari usilikague likiwa limeshawashwa. Mwambie muuzaji asiliguse tangu jana yake, fungua boneti, weka mkono juu ya injini uhakikishe ni baridi, halafu liwashwe wewe ukiwa umesimama mbele. Likilia kama mnyororo wa baiskeli kwa sekunde mbili tatu kisha likatulia, cheni imechoka. Cheni mpya inaweza kupitishwa bila kushusha injini, lakini fundi akibadilisha cheni akaacha gia zilizolika, umetupa hela. Meno mabovu yataila cheni mpya. Oili ni lita 5.5 yenye kibali cha MB 229.5, imwagwe kila kilomita 8,000 kwa joto letu. Anayesubiri taa ya huduma iwake ndiye anayenunua cheni.

Pili, mbele ya silinda hedi kuna magneti mbili za kemshafti, kila moja na soketi yake. Chomoa soketi, angalia ndani. Ukikuta oili, jua inapanda taratibu kupitia wayaringi kuelekea kontro boksi (kompyuta ya injini) na sensa za ekzosi. Ikiwahiwa, dawa ni ndogo: magneti mpya na vipande vya waya vya kuzuia oili. Ikichelewa, ni wayaringi nzima.

Tatu ni loki ya usukani ya umeme, na huu ndio ugonjwa wa kukuaibisha. Ukichomeka ufunguo lazima usikie mlio mfupi wa mota chini ya usukani, krrr. Siku mota ikifa, ufunguo hauzunguki, dashibodi haiwaki, na gari halisukumiki kwa sababu usukani umefungwa. Kwenye ukaguzi chomeka na kuchomoa mara kumi. Mlio ukiwa mzito au ukikosekana mara moja tu, dai punguzo linalotosha kuweka kifaa mbadala kinachoidanganya gari kwamba loki ipo. Kazi hiyo inahitaji fundi wa kusoma funguo, kwa hiyo ifanyike Dar kabla hujavuka Daraja la Mkapa.

La mwisho kwa W204 ni kutu ya fremu ndogo ya nyuma, ile inayobeba difu na mikono ya magurudumu. Huanzia ndani, kwa hiyo rangi ya nje haikwambii kitu. Linyanyuliwe, piga tochi kwenye matundu, gonga kwa bisibisi. Kwa anayelaza gari Shangani au Mikindani, upepo wa bahari ukiingia usiku kucha, hili si la kupuuza.

Namba mbili: BMW 3 Series F30, ya kuanzia mwishoni mwa 2015

Kwa kuendesha, hili ndilo gari bora kuliko yote humu. Limekuwa la pili kwa sababu linadai mfuko mrefu na nidhamu. Tunasema mwishoni mwa 2015 kwa makusudi: hapo 320i ilianza kupata injini ya B48. Kabla yake ilikuwa N20, ambayo vishikio vyake vya plastiki vya cheni hupasuka na vipande kuangukia kwenye sampu (beseni la oili chini ya injini), vikaziba njia ya oili. F30 ya 2012 hadi mwanzoni mwa 2015 bila ushahidi kwamba vishikio vimebadilishwa, iache hata ikipunguzwa bei. Na 320d ya N47 usiisogelee: cheni iko nyuma ya injini, upande wa gia boksi, kuifikia tu ni kushusha vitu vizito.

Kuna mambo matatu ambayo mtu aliyetoka kwenye Toyota hayategemei. Halina kijiti cha kupimia oili. Unasoma kwenye skrini, injini ikiwa imepata moto. Betri ikibadilishwa lazima isajiliwe kwa mashine, la sivyo gari litaichaji kwa mahesabu ya ile kuukuu na itakufa mapema. Na halina tairi la akiba. Limevalishwa tairi za ranflati, ambazo ikitoka pancha hutembea kama kilomita 80 kwa mwendo usiozidi 80 kwa saa. Mijini Ulaya zinatosha. Ikikupata katikati ya Nangurukuru na Muhoro, kilomita 80 zinaweza kukuishia mahali ambapo fundi pancha anajua tairi za bodaboda tu, na saizi yako hana.

Namba tatu: Mercedes E-Class W212 (2009–2016)

Anayekwenda Dar kila wiki mbili alipandishe hili hadi namba moja. Ni refu, zito, limetulia barabarani, na abiria wa nyuma anafika hajachoka. E250 CGI inatumia M271 ileile tuliyoieleza, kwa hiyo kagua vilevile. E300 na E350 za V6 ni nzuri, ila zimevuka cc 2000, na ushuru wa bidhaa unapanda kwa cc hizo. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kulipa chochote Japani, ukikumbuka kwamba gari lenye miaka 8 na kuendelea linabeba na ushuru wa uchakavu. Kataa BlueTEC ya dizeli, maana inakunywa AdBlue (kimiminika cha kusafisha moshi), na ikiisha gari hukataa kuwaka. Kataa pia yenye springi za upepo. Kuna watakaokuletea W211 ya zamani kwa bei ya kutupa. Zile za kabla ya 2006 zina breki za umeme za SBC zenye pampu inayohesabu idadi ya kukanyagwa, na hesabu ikifika, pampu inataka kubadilishwa.

Namba nne: BMW E90 (2005–2011)

Ni rahisi kununua, na ni gari la mtu mwenye fundi wake. 320i yenye N46 huvuja oili kwenye gasketi ya kava ya vali, inadondokea ekzosi na kunuka. Acha injini ikiunguruma taratibu dakika tano, kisha kanyaga ghafla. Ukiona wingu la buluu nyuma, sili za vali zimekufa. 323i na 325i zina N52 ya silinda sita, injini tamu na imara, ila pampu yake ya maji ni ya umeme na haitoi taarifa ndefu. Taa ya joto ikiwaka, zima hapohapo. Bloku yake ni ya magnesi na alumini, haivumilii lile la "tufike kwanza Kilwa Masoko". Kama hakuna risiti ya pampu na themostati, ihesabie kuwa ni gharama yako ya wiki ya kwanza, pamoja na tanki la plastiki la kulanti, ambalo hupasuka kwenye mshono. Na usijazie maji ya kisima. Ya pwani yana chumvi. Kulanti ya buluu na maji ya betri (yaliyosafishwa, si asidi), nusu kwa nusu.

Namba tano: Audi A4 B8 (2008–2015)

Ndani pazuri kuliko wote. Injini za 1.8 na 2.0 TFSI za hadi 2011 hunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni, tensheni ya cheni ikilegea cheni inaruka na vali zinapinda, na zisizo kwatro (za kuvuta kwa magurudumu yote manne) nyingi zina gia boksi ya mnyororo ya Multitronic ambayo hutetemeka ikianza kuondoka. Ukiwa Dar, jadiliana. Ukiwa Newala, hapana.

Ukaguzi wa karatasi na wa chini

Dai karatasi ya mnada wa Japani. Daraja 4 au 4.5 ndiyo lengo. R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati. Magari ya mikoa ya theluji kama Hokkaido hutembea kwenye barabara zilizomwagwa chumvi; usiiongezee chumvi ya Lindi juu yake.

Chukua rimu za inchi 16, kwa W204 na E90 ni tairi 205/55, badala ya zile za 17 au 18 zenye ubavu mwembamba. Kwenye viraka na kingo za lami zilizoliwa na malori ya simenti, tairi nyembamba ndiyo inayopinda rimu. Funga na bati la chuma chini ya sampu. La plastiki la kiwandani halizuii jiwe.

Suala la tairi la akiba limalizeni Dar. Rimu za BMW hizi ni matundu matano ya bolti kwenye duara la milimita 120, Mercedes na Audi ni matano ya 112. Ya Mark X ya jirani ni 114.3, haiingii hata kwa kulazimisha. Magari haya hufungwa kwa bolti, si nati. Ukinunua rimu ya chuma kwa ajili ya Mercedes, nunua na bolti fupi tano zake, maana zile ndefu za rimu ya aloi zikifungwa kwenye chuma nyuma zinaweza kugusa breki ya mkono. Ziwekwe kwenye mfuko mmoja na jeki, pamoja na ule ufunguo wa bolti ya kuzuia wezi, ambao wauzaji wengi husahau kuutoa.